UZI: Mpiga darabuka aliyeazima rekoda ya waya Cairo, 1944

#1 Mwamba Ngozi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nina deni nao tangu ule mjadala wa singeli, pale mchangiaji mmoja aliposema "mpiga ngoma na kompyuta wapi na wapi". Sikumjibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huandika ovyo. Leo nimetulia, chai ya tangawizi iko pembeni. Tuanze.

Kwa wasionifahamu: mimi napiga dumbak, natunga tuni kidogo, na mchana nafundisha vijana kurekodi na kuhariri muziki kwa kompyuta. Kazi tatu, mshahara wa moja na nusu. Zamani kidogo niliomba kufundisha somo hili kwenye chuo kimoja, jina nalihifadhi. Aliyenisaili akasoma wasifu wangu taratibu, akafika palipoandikwa "mpiga ngoma", akaweka kalamu mezani. Akaniuliza, tena kwa upole kabisa, kama nisingependa kushika darasa la ngoma za asili, maana la kompyuta "lina wataalamu wake". Nikasema ahsante, nikatoka, nikapanda daladala nimesimama mpaka nyumbani.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikawa napekuapekua simu, ndipo nikakutana na jina la mtunzi wa muziki wa Misri, Halim El-Dabh. Nilisoma mpaka adhana ya alfajiri.

Kazaliwa Cairo, mtaa wa Sakakini, tarehe 4 Machi 1921, kitinda mimba wa watoto tisa. Familia ya Wakopti wenye asili ya Abu Tig, Misri ya Juu. Akajifunza piano, akajifunza na darabuka. Darabuka kwa asiyeijua ni hii hii dumbak ya kwenye taarab: chungu kilichobanwa kiuno, mdomo mmoja umewambwa ngozi, mwingine uko wazi unapumua.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 11, kaka yake akamchukua kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu lililoitishwa Cairo chini ya Mfalme Fuad. Hebu mfikirie mtoto wa umri ule. Mbele yake wamekaa watunzi wakubwa wa Ulaya akina Béla Bartók na Paul Hindemith wanasikiliza, na wapigaji kutoka Morocco mpaka Iraq wanarekodiwa kwenye santuri. Mtoto wa miaka 11 anaona watu wazima, wasomi, wanabishana kuhusu sauti kama wengine wanavyobishana kuhusu mipaka ya shamba.

Halafu akaenda kusomea nini? Uhandisi wa kilimo. Chuo kikuu cha Fuad wa Kwanza, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Cairo. Kazi ikawa inampeleka vijijini, na huko masikio hayakulala.

Naja na sehemu ya pili. Ngoja nikaswali.

#2 Mpitaji Njia

Nimeshatandika mkeka. Mwenye kashata apitishe huku.

#3 Binti Kisauni

Maalim, umenigusa na hiyo dumbak. Babu yangu alikuwa mpigaji hapa Mombasa, wa harusi na maulidi, na ilikuwa marufuku mtoto kuigusa kabla haijapashwa moto. Alikuwa na jiko dogo la makaa la kazi hiyo tu. Anaizungusha juu ya moto, anaigonga na kidole cha shahada, anasikiliza, anairudisha. Sisi tunangoja bibi harusi, yeye anangoja ngozi. Endelea kaka.

#4 Fundi Mitambo

Nasoma kimya kimya. Lakini mleta mada, kichwa cha uzi kinasema rekoda ya waya. Waya? Si tepu?

#5 Mwamba Ngozi

@Binti Kisauni, shika hicho kidole cha shahada cha babu yako, tutakirudia. Ndicho kiini cha uzi mzima.

@Fundi Mitambo, waya mkuu. Ubunifu wa Mdenmark mmoja, Valdemar Poulsen, mwaka 1898. Waya wa chuma mwembamba kama unywele unafunguka kwenye gurudumu moja na kujiviringa kwenye jingine, katikati unapita kwenye kichwa cha sumaku. Sauti inabaki kwenye chuma. Ukitaka kuhariri unaukata kwa koleo na kuufunga fundo, fundo kabisa kama la uzi wa kushonea, na muziki unaendelea na kishindo kidogo pale penye fundo. Ukikuponyoka ukafumuka, pole yako, unapata kiota cha ndege na siku yako imeisha.

Sasa Cairo, 1944. Vita vinaendelea duniani. Kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa kilimo, anakwenda kwenye ofisi za redio ya Middle East Radio na kuazima rekoda ya waya. Sio kununua, kuazima. Sisi tuliokulia kwenye bendi tunajua maana ya kuazima chombo: unakirudisha kesho asubuhi kikiwa kizima, na usiku huo hulali.

Akakipeleka kwenye zaar. Zaar ni ngoma ya kutuliza pepo, ya wanawake hasa. Wanaimba, wanalia, matari na ngoma zinakwenda, aliyepandwa anacheza mpaka anadondoka. Wengi wetu wa pwani hapa hatuhitaji kuelezwa zaidi, kila mtaa una nyumba yake inayojulikana.

Mtu mwingine angerekodi akaondoka, akaweka kwenye maktaba. Yeye alirudi redioni na ule waya, akaingia kwenye chumba cha mwangwi chenye kuta zinazosogezwa, akacheza na mitambo ya pale, akairekodi upya ile sauti mara kwa mara. Na alichokuwa anakifanya (hapa someni taratibu) ni KUONDOA. Aliondoa sauti mama, yaani mlio wa msingi ulio chini kabisa, ambao milio mingine imekaa juu yake. Yale maneno ya waimbaji, ule mpigo wa mkono kwenye ngozi, akavipunguza mpaka kilichobaki ni sauti ndogondogo zinazoelea juu, zile ambazo kwa kawaida husikii kwa sababu zimefunikwa. Akaipeleka kazi yake kwenye maonyesho ya sanaa Cairo mwaka huo huo wa 1944, watu wakasikiliza.

Kipande kinachosikika leo ni cha dakika mbili hivi. Mara ya kwanza nilikisikiliza kwa spika ya simu, nikaona kelele tu. Mara ya pili kwa hedifoni, taa nimezima. Wakuu, ni kama umesimama nje ya nyumba ya pepo usiku, upepo unavuma, na huna hakika kama wanawake wale wako ndani au wako ndani ya upepo.

#6 Mdau Muscat

Salaam alaikum kutoka Oman. Zar ipo huku mpaka leo, hasa kwa wenye asili ya bara letu, na haizungumzwi hadharani. Nimesoma post namba 5 nikapata baridi. Yule bibi anayeongoza ngoma, ukimuuliza pepo anakuja wakati gani, hasemi "tukipiga". Anasema anakuja "baada". Baada ya pigo, kabla ya linalofuata. Sikuwahi kulielewa neno hilo.

#7 Mwamba Ngozi

@Mdau Muscat, Allah akubariki, umeniokoa na aya tatu.

#8 Fundi Mitambo

Ngoja kwanza. Mimi ni mtu wa studio, nina miaka kumi na mbili Sinza. Tusipeane sifa za bure kwa sababu tu mhusika ni Mwafrika. Tulivyofundishwa, muziki wa namna hii, wa kuchukua sauti iliyorekodiwa na kuigeuza, umeanzia Paris na Pierre Schaeffer mwaka 1948. Tena tarehe inajulikana, 5 Oktoba 1948 redio ya Ufaransa ikarusha. Kishindo cha garimoshi na kadhalika. Huyu wa kwako alionyesha kwenye chumba cha picha, watu kadhaa wakasikia, basi. Yule karusha redioni nchi nzima, kaandika vitabu, kafungua studio, kapata wanafunzi. Nani baba hapo?

#9 Mpitaji Njia

Kashata zimefika. Sasa mabishano yamenoga.

#10 Mwamba Ngozi

@Fundi Mitambo, hoja yako ina miguu na sitaivunja kwa kelele. Schaeffer alijenga nyumba, akaweka mlango na kibao nje. El-Dabh alipiga hema usiku mmoja akaondoka. Kwa hesabu ya nani alifungua njia iliyotembewa na wengi, Paris imeshinda. Kwa hesabu ya kalenda, 1944 iko kabla ya 1948, na hapo hakuna mjadala.

Ila mimi kinachonisisimua si kalenda. Tazama walichokata. Schaeffer naye katika zile hangaika zake za 1948 alirekodi kengele, halafu akaondoa kichwa cha mlio, ule mgongano wa chuma kwa chuma. Kengele bila kichwa si kengele tena, ikalia kama zumari. Mhandisi wa redio, Mfaransa, hajui nani yuko Cairo. Na yule wa Cairo, mpiga darabuka, hajui nani atakuja Paris. Wote wawili wamegundua kwamba siri ya mlio haiko kwenye pigo.

Tofauti ni kwamba Schaeffer ilimbidi aigundue maabara. Mpiga ngoma anaijua tangu utotoni. @Binti Kisauni, babu yako alipokuwa anagonga kwa kidole cha shahada, alikuwa hasikilizi pigo, maana kidole kikigonga ngozi mbichi na kikigonga ngozi kavu kishindo ni kimoja. Alikuwa anasikiliza mkia.

Ndiyo maana nasema wale walioniambia somo la kompyuta lina wataalamu wake walikuwa sahihi. Wataalamu wake ni sisi.

#11 Prodyuza wa Tandale

Mwalimu heshima yako. Mimi natengeneza biti za singeli. Nachukua lupu ya taarab ya zamani, sekunde nne, naikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, naweka ngoma juu. Mama mkwe anasema naua muziki. Sasa huyu mzee wa Cairo ni babu yangu au sio?

#12 Mwamba Ngozi

@Prodyuza wa Tandale, babu yako wa kuzaa kabisa, mwambie mama mkwe. Tena ukoo umezunguka, maana taarab yenyewe unayoikata ina damu ya Cairo. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), akarudi Unguja kuwafundisha wengine, na 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa ambayo ipo mpaka leo. Kwa hiyo Cairo ilitupa ala, na wewe Tandale unazikata kwa kompyuta kama yule alivyozikata kwa waya.

Kuna swali faraghani: "Huyu mtu maisha yake mengine yalikuwaje, au aliishia hapo 1944?" Nitapita haraka sehemu nyingine nikae Ethiopia.

Mwaka 1950 akaenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Akasoma huko, akapita mikononi mwa watunzi Ernst Krenek na Aaron Copland. Mwaka 1958 mchezaji dansi mkubwa Martha Graham akatoa onyesho la *Clytemnestra*, la usiku mzima, na muziki ni wa El-Dabh. Alimtungia kazi nne kwa jumla. Muziki wa lile onyesho la sauti na taa kwenye piramidi za Giza ni wake pia. Watalii wamekaa kwenye viti vya plastiki wanapiga picha, hawajui wanamsikiliza nani.

Mwaka 1959 akaalikwa kwenye kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia na Princeton, New York, walikokuwa watunzi Otto Luening na Vladimir Ussachevsky. Pale palikuwa na sintesaiza ya RCA, mtambo wa kutengeneza sauti kwa umeme, iliyojaza chumba kizima, unaipa amri kwa kutoboa matundu kwenye karatasi. Wenzake wengi walikuwa watu wa hesabu, wanapanga kila noti kwa namba. Yeye akaja na vitanzi vya tepu, ngoma, filimbi na sauti za watu, akiongozwa na sikio. Kazi yake ya *Leiyla and the Poet* ikatoka kwenye santuri ya kituo hicho mwaka 1964, pamoja na za akina Milton Babbitt na Mario Davidovsky. Isikilizeni mkiwa macho. Unasikia mtu anaongea, kisha anayeongea anageuka kitu kingine mbele ya masikio yako, na chini yake darabuka haijakata.

#13 Binti Kisauni

Nimeisikiliza hiyo Leiyla jikoni nikipika wali. Mwanangu kaniuliza redio imeharibika. Nikamwambia nyamaza, mwenye redio ni babu wa watu. Ile filimbi ilipoingia nikaacha mwiko.

#14 Mwamba Ngozi

Ethiopia sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Haile Selassie, Addis Ababa. Yupo kileleni, ametoka kwenye studio ambayo wanamuziki wengi duniani wangeitamani, mitambo ya RCA, santuri njiani. Angeweza kufika Addis na kuanza kuwaambia watu jinsi New York inavyofanya. Alichofanya ni kuwaita wapigaji wa huko wenyewe. Krari, masinko, begena, washinti, ngoma za kebero. Ala za watu mbalimbali, za kanisani na za vilabuni, ambazo hazikuwa na mazoea ya kukaa jukwaa moja. Mwaka 1963 ikazaliwa Orchestra Ethiopia.

Aliyewahi kuongoza kundi anajua ugumu uliopo hapo, na sio ugumu wa kisiasa ninaousema, ni wa sikio. Begena ni kinubi kikubwa, kinanguruma chini kama nyuki ndani ya mtungi, kinapigwa kwa sala, taratibu, mtu amefumba macho. Masinko ina uzi mmoja na inalia kama mtu anayedai haki yake. Ukiziweka pamoja bila akili, masinko inameza begena, watazamaji hawasikii chochote isipokuwa malalamiko. Dawa ni kila mpigaji ajue lini anyamaze ili mkia wa mwenzake usikike. Mnaona nilipolenga? Ni somo lile lile la waya wa 1944, safari hii bila umeme.

Mimi hapa ndipo nilipobadilisha ufundishaji wangu. Nilikuwa naanza darasa kwa kufungua kompyuta. Siku hizi wiki mbili za kwanza kompyuta zinabaki kabatini. Tunakaa mkekani, ngoma moja katikati, kila mwanafunzi anapiga pigo moja TU na wote tunanyamaza mpaka sauti iishe kabisa. Ikiisha anainua mkono. Siku ya kwanza mikono inainuka baada ya sekunde moja. Siku ya kumi wanangoja mpaka mtu anayepita nje anadhani tuko kwenye matanga.

#15 Mpitaji Njia

Hapo kwenye matanga nimecheka basi zima limenigeukia.

#16 Fundi Mitambo

Nakubali nusu. Lakini mwalimu, ada wamelipa wajifunze programu, na wiki mbili wanapiga ngoma mkekani. Wazazi hawaji juu?

#17 Mwamba Ngozi

@Fundi Mitambo, wanakuja. Mzazi mmoja alikuja na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akasimama mlangoni, akaniuliza "hii ndiyo kompyuta?" Nikamkaribisha mkekani. Akakataa. Nikampa pigo moja akiwa amesimama pale pale. Alisubiri iishe. Hakusema neno, akaenda zake, na ada ya muhula uliofuata akaleta mapema. Sio wote wako hivyo lakini. Wawili waliwatoa watoto wao, na sikuwalaumu.

Nimalizie maisha yake. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard kuanzia 1966, kisha 1969 akaenda Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio. Mwaka mmoja haujatimia, tarehe 4 Mei 1970, askari wa National Guard wakawapiga risasi wanafunzi wanaopinga vita vya Vietnam hapo hapo chuoni, wakaua wanne. Mwalimu mgeni, ndio kwanza anazoea baridi. 1971 akatoa opera kuhusu siku ile, *Opera Flies*. Akabaki pale pale Kent, akastaafu 1991 na bado akaendelea kufundisha. Amefariki 2 Septemba 2017, Kent, akiwa na miaka 96.

Na angalieni alichokuwa akifundisha pale chuoni: si mitambo. Alikuwa mwalimu wa muziki wa watu wa dunia na wa masomo ya Afrika. Mmoja wa wa kwanza kabisa kugeuza sauti iliyorekodiwa kuwa muziki, na kazi iliyomlisha ni kufundisha vijana wa Ohio kukaa vizuri mbele ya ngoma. Hilo wengine wanaliona kushuka. Mimi naliona ni kubaki mahali alipoanzia.

#18 Prodyuza wa Tandale

Mwalimu shusha basi na vitendo. Tunaomba tujaribu wenyewe, sio stori tu.

#19 Mwamba Ngozi

Haya. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu siku ya kwanza kompyuta zinapotoka kabatini. Kinachohitajika ni simu, chombo chochote cha kugonga na kompyuta yenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure.

Zima feni. Nimesema zima feni, kila mwaka kuna mtu anarekodi feni. Weka simu kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye ngozi, si juu yake, pembeni. Piga "dum" moja katikati ya ngozi kwa kiganja, uinue mkono haraka, usibaki umekandamiza. Ngoja mpaka kimya kirudi. Hamishia faili kwenye kompyuta.

Ikuze picha ya sauti mpaka pigo lako lijaze kioo. Utaona samaki. Kichwa kinene ghafla, kisha mwili unapungua, mkia mrefu unaelekea kulia. Kichwa ndicho pigo. Chagua kichwa tu, kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, ukifute. Mwanzo wa kilichobaki uufifishe kidogo usije ukatoa "tiki". Sasa sikiliza.

Hutasikia ngoma. Kwa dumbak yangu nasikia mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu akiwa chumba cha pili. Hiyo ni pumzi ya chungu chenyewe, hewa iliyomo ndani inayotikisika, na imekuwepo kila ulipopiga "dum" maisha yako yote.

Turudi kwenye faili lako la mwanzo, lile lenye kichwa. Weka kichujio kinachozuia sauti za chini, anza na hezi 300, panda taratibu. Hapa unaondoa sauti mama, hili ni karibu zaidi na alichofanya Halim. Ngoma inakonda, inakonda, mpaka unabaki na kitu kama mchanga unaomwagwa kwenye sinia. Kwa wapenda hesabu: ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa, mlio wake wa pili hauko mara mbili ya wa kwanza kama kwenye uzi wa gitaa. Uko mara 1.59 hivi, na unaofuata 2.14. Ndiyo maana ngoma nyingi huwezi kuziimbia noti kwa urahisi. Milio yake haikupangana kwenye ngazi, imekaa kama ndugu waliogombana. Ukimwondoa mama, ndio unawasikia.

Yeye alifanya hivi bila kioo, bila picha ya samaki, bila kitufe cha kutengua. Akikosea, anaanza upya na waya wa watu.

#20 Mdau Muscat

Nimejaribu kwa tari la mke wangu. Kichwa nimefuta. Kilichobaki nimekisikiliza mara mbili, nikafunga kompyuta, nikaenda kukaa barazani. Nitarudi baadaye.

#21 Fundi Mitambo

Nimefanya studio kwa spika kubwa, na dumbak ya kukodi. Sitaandika mengi. Miaka kumi na mbili nimekuwa naongeza sauti za chini kwenye kila ngoma inayoingia, nikidhani ndio uzito wenyewe. Mwalimu, darasa lako lina nafasi jioni?

#22 Mwamba Ngozi

@Fundi Mitambo, Jumanne na Alhamisi baada ya isha. Njoo na mkeka wako, wangu umetoboka. @Mdau Muscat, usijilazimishe kaka.

#23 Prodyuza wa Tandale

Mwalimu mimi sina dumbak, nimepiga ndoo ya rangi ya lita 20 nimeigeuza. Nimekata kichwa kama ulivyosema lakini kilichobaki hakisikiki karibu kabisa, kama mbu. Nimekosea wapi?

#24 Mwamba Ngozi

Nitumie picha ya kioo.

Nimeiona. Umekata mpaka tumboni, samaki wote umemtupa. Ndoo ya plastiki mkia wake mfupi, haivumi kama ngozi. Tengua, rudi mwanzo, kata nusu ya ulichokata. Na ile ndoo usiiweke sakafuni, inaziba. Iinue kwa matofali mawili, mdomo upate hewa, upige tena.